Kuhama enameli kwenda akriliki kwenye modeli: rangi, tina na mkono

Mleta mada

Wakuu wa modeli, salaam.

Kuna malalamiko yanajirudia sana humu. Mtu kajenga modeli za plastiki za ndege na vifaru miaka na miaka kwa vikopo vya enameli vya Humbrol, sasa kahamia akriliki, na kazi ya kwanza imetoka na mabaka, au imebanduka na tepu, au rangi imefanya madonge ndani ya kikombe cha eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa). Anahitimisha kwamba akriliki ni rangi za watoto wa shule. Nakataa kabisa. Akriliki ni rangi nzuri mno, ila haifuati taratibu za enameli, na ukiishika kwa mkono wa enameli itakusumbua kila siku.

Enameli ni rangi ya mafuta. Ndani yake kuna utomvu wa alkidi, na kiyeyusho chake ni waiti spiriti. Ukishapaka, kwanza waiti spiriti inaruka, halafu alkidi inaanza kufyonza oksijeni ya hewani na kukomaa polepole. Ndiyo maana ukigusa baada ya saa kadhaa inaonekana imekauka, lakini ukiikandamiza kwa kidole kesho yake alama inabaki. Kukomaa hasa kunataka siku kadhaa, wakati mwingine wiki nzima. Ila ucheleweshaji huo una faida yake: rangi inapata muda wa kujitandaza, mistari ya brashi inajifuta yenyewe, na ukiona kasoro bado una nafasi ya kurudia.

Akriliki haikupi nafasi hiyo. Chembe za plastiki zimeelea ndani ya maji au spiriti. Kimiminika kikiondoka, chembe zinashikana na kuwa ngozi moja. Ni suala la dakika chache. Ukirudisha brashi mahali ambapo rangi imeanza kushika, unaichana ile ngozi ikiwa nusu mbichi. Mabaka mengi yanayolaumiwa rangi yanatokana na mkono kurudi palepale mara ya pili. Unapita mara moja, unaachana napo, unasubiri, ndipo unaleta mkono wa pili, yaani tabaka la pili la rangi.

Sasa hapa wengi wanapotelea: akriliki si rangi moja. Kwenye rafu zimepangwa pamoja, lakini tuziweke kwenye makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la spiriti. Tamiya wa Shizuoka, Japani, wenye chupa za mililita 10 na 23, namba zikianza na X kwa zinazong'aa na XF kwa mati (zisizong'aa), wako hapa. Aqueous Hobby Color za GSI Creos ziko hapa pia. Zinauma plastiki vizuri na zinapita kwenye eabrashi bila shida. Tina ya Tamiya, yaani kimiminika cha kuizimua rangi, ni X-20A. Angalieni sana hiyo A mwishoni, kwa sababu Tamiya hao hao wana X-20 tupu, ambayo ni ya enameli. Chupa zinafanana na mtu akiwa na haraka anabeba isiyo yake.

Kundi la pili ni la maji hasa. Vallejo ndiyo maarufu zaidi. Kampuni ilianzishwa Marekani mwaka 1965 na kuhamia Hispania mwaka 1969. Model Color yao inatoka kwenye kichupa cha kudondoshea. AK na Ammo nao wana rangi za aina hii. Hazina harufu ya kusema, na kwa brashi ya mkono hazina mpinzani. Lakini ukitia spiriti ndani ya Vallejo, inaganda palepale kama maziwa yaliyokatika. Madonge yote mnayopostia picha humu chanzo ni hicho: mtu kachanganya Vallejo na X-20A, au kapuliza Tamiya halafu akamimina Vallejo bila kusafisha kikombe. Tina ya Vallejo iwe ya Vallejo, basi.

Sasa kwa nini sisi wa huku tuhame? Ukiacha harufu, sababu ya kwanza ni usafiri. Rangi inayoshika moto ni mzigo wa hatari kwenye ndege, imo kwenye daraja la vimiminika vinavyowaka. Enameli haipandi kwenye begi la abiria, na wauzaji wengi wa mtandaoni hawakubali kuituma nje kwa ndege. Tamiya nayo ina spiriti, kwa hiyo inakumbana na kikwazo hicho hicho. Vallejo haiwaki, inatumwa na kufika. Kwa mtu wa Dar, Mombasa au Bujumbura, hilo peke yake linaweza kuamua.

Sababu ya pili ni nyeupe. Nina modeli ya ndege ya abiria Super VC10 ya East African Airways mezani, skeli ya 1/144. Shirika lile lilizipokea ndege hizo kuanzia 1966 na likafa 1977, na kwa wengi wetu bado ndiyo ndege nzuri kuliko zote zilizowahi kubeba jina la Afrika Mashariki. Sehemu ya juu ya mwili wake ni nyeupe. Enameli nyeupe inageuka manjano kadiri miaka inavyokwenda, kwa sababu alkidi haiachi kubadilika, na inageuka zaidi gizani kuliko mwangani. Yaani modeli uliyoihifadhi kwenye boksi kwa kuithamini ndiyo inayoharibika zaidi. Akriliki nyeupe inabaki nyeupe. Kwa mtu anayejenga ndege za abiria, hapo mjadala umekwisha.

Lakini nyeupe ya akriliki inataka subira. Nilivyofanya kwenye VC10: nimeosha plastiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kuondoa mafuta ya kiwandani, nikaikausha, nikapiga praima (rangi ya msingi ya kushikia) nyeupe ya leka, ile yenye kiyeyusho kikali, nikapitisha msasa laini wa maji namba 2000 kwenye maungio ya mabawa. Halafu nyeupe ya Tamiya, sehemu moja ya rangi kwa moja na nusu ya tina, upepo psi 15 hadi 20 (kipimo cha shinikizo la hewa), mkono wa kwanza mwepesi kiasi kwamba ukitazama unadhani hujafanya kitu. Unasogeza kando. Mkono wa pili ukingo wa bawa unaanza kupotea. Ukilazimisha ifunike kwa mkono mmoja, rangi inakimbia kutoka kwenye kingo na kutuama chini ya tumbo, na hapo dawa ni kuiosha yote.

Praima msiiruke. Enameli ilituzoesha kupaka juu ya plastiki tupu kwa sababu waiti spiriti inauma kidogo na rangi inashika. Vallejo juu ya plastiki tupu inakaa tu kama kifuniko. Ukibandika tepu na kuivuta, inaondoka nayo. Tamiya ina nafuu, ila nayo praima inaisaidia.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia uwanja: vikopo vya enameli msitupe. Kazi yake ya sasa ni juu ya akriliki. Waiti spiriti haiyeyushi akriliki iliyokomaa. Ukishapaka akriliki, ukafunika na vanishi ya kung'aa na kuiacha usiku kucha, unaweza kuchukua enameli ya kahawia nyeusi, ukaizimua hadi iwe maji machafu, ukagusisha ncha ya brashi kwenye mstari wa paneli. Itakimbia yenyewe kwenye mfereji, ikipita chini ya dirisha na kukunja kona kwenye mlango. Iliyomwagika pembeni unaifuta kwa kijiti cha pamba chenye waiti spiriti kidogo, na rangi ya chini haiguswi. Zamani, modeli ikiwa enameli tupu, usingethubutu. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote: una rangi mbili zisizoyeyushana, na unazipanga moja juu ya nyingine.

Tahadhari moja: waiti spiriti isitwame kwenye maungio ya plastiki isiyopakwa, hasa yaliyobanwa kwa nguvu. Plastiki inapasuka.

---

Mchangiaji, Nairobi

Asante sana mkuu, hii nimeisave. Mimi sina eabrashi na sioni nikinunua compressor ya kubana hewa hivi karibuni, nyumba ni ndogo na kuna mtoto mchanga. Nimejaribu Tamiya kwa brashi, mkono wa pili unavua wa kwanza. Nirudi enameli ama?

Mleta mada

Usirudi. Hiyo ndiyo tabia ya Tamiya kwa brashi: spiriti ya mkono wa pili inaamsha mkono wa kwanza. Wapo wanaoiweza kwa kuongeza dawa ya kuchelewesha ukaukaji na kusubiri muda mrefu kati ya mikono, lakini wewe chukua za maji, Vallejo Model Color au mfano wake.

Brashi iwe ya nyuzi za bandia, laini, pana kadiri eneo linavyoruhusu. Wengi wanapaka bawa zima kwa brashi ya kuchorea macho ya rubani, ndiyo maana mistari haiishi. Rangi usiitoe kichupani moja kwa moja hadi kwenye modeli. Chukua kisahani kifupi, weka sponji iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea, dondosha rangi hapo. Unyevu unapanda kupitia karatasi na rangi inakaa hai kwa masaa badala ya dakika. Tia tone la maji, halafu mikono mitatu au minne myepesi. Wa kwanza utakuwa mbaya, wenye mistari na matobo. Uache. Wa tatu ndio utaona.

Praima kwa hali yako nunua ya kopo la kupuliza, ukapulizie nje, mbali na mtoto, na urudi ndani ikishakauka.

---

Mchangiaji, Leicester, Uingereza

Naomba niitetee enameli, maana naona inazikwa ikiwa hai. Mimi napaka askari na marubani, sura za watu. Humbrol 61 ya ngozi, kidogo ya kahawia pembeni, unazichanganya palepale kwenye shavu zikiwa mbichi, unavuta kivuli chini ya taya taratibu na mpaka haupo. Akriliki inakauka kabla hujafika kwenye pua. Na kikopo cha mililita 14 kikifungwa vizuri kinakaa miaka mingi. Nina vya zamani sana ambavyo ukikoroga vinapaka kama jana. Chupa za akriliki nimetupa nyingi tu zilizokauka.

Halafu tusisahau historia. Humbrol ni ya mji wa Hull, ilianza mwaka 1919 kama Humber Oil Company, na ilipoinunua Airfix, watengenezaji wa modeli, mwaka 1986 rangi na modeli vikawa nyumba moja, hadi kampuni ya Hornby walipozichukua zote 2006. Vizazi vya wajenzi hapa vimefundishwa na karatasi ya maelekezo yenye namba za Humbrol.

Mleta mada

Mkuu, kwenye sura za watu nakuunga mkono bila masharti. Nyuso ni kazi ya rangi inayokubali kuchanganywa ikiwa mbichi, na ndiyo maana hata wengi waliohama wanaweka akriliki chini kama msingi, kisha wanamalizia ngozi kwa rangi za mafuta za wachoraji. Kukaa kwa vikopo pia ni kweli.

Ninapotofautiana nawe ni kwenye ndege ya kivita yenye mabaka ya kujificha. Spitfire ya Uingereza ya kijani na kahawia, tumbo la rangi ya Sky. Kwa enameli unapaka kahawia, unasubiri siku mbili tatu kabla ya kuthubutu kuweka tepu, unapaka kijani, unasubiri tena, tumbo, unasubiri. Kwa akriliki juu ya praima, rangi ya asubuhi unaizibia tepu jioni. Mtu mwenye Jumamosi moja tu ya kupumzika anamaliza kazi badala ya kuiweka kabatini ikajaa vumbi.

---

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu swali la haraka. Hizi za maji si salama basi? Nazipulizia chumbani, dirisha wazi, sina barakoa.

Mleta mada

Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Kukosa harufu hakuondoi ukungu. Eabrashi inapasua rangi kuwa chembe ndogo sana, na chembe hizo, plastiki na pigmenti ndani yake, zinaingia hadi chini ya mapafu. Baadhi ya pigmenti za manjano na nyekundu zina metali ambazo hutaki kabisa zikae mwilini. Harufu ya enameli angalau ilikuwa inakufukuza chumbani.

Kwa rangi za maji, barakoa ya kuzuia vumbi laini inayobana uso vizuri inatosha kwa chembe. Kwa Tamiya, leka na praima za kopo, vaa yenye vichujio vya kaboni, kwa sababu mvuke wa viyeyusho unapita kwenye ile ya vumbi. Pia weka feni inayotoa hewa nje. Anayetaka nyumba tulivu bila vifaa hivyo apake kwa brashi ya mkono.

Na kwa kuwa uko Dar: kompresa yako iwe na kichujio cha maji. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, ikibanwa inatoa maji, na tone moja likipita kwenye sindano linaacha jicho jeupe katikati ya bawa. Vanishi za leka msipulize siku ya mvua. Kiyeyusho kikiruka haraka kinapoza uso, unyevu wa hewa unatua juu yake, na vanishi inapauka kama imepakwa chokaa.

---

Mchangiaji, Muscat

Sisi tatizo letu kinyume, ndugu yangu. Chumba cha kiyoyozi, hewa kavu, rangi ya Vallejo inakauka kwenye ncha ya sindano kila dakika mbili. Napuliza, inakatika, halafu inatema tone kubwa. Nishaiweka psi 30 na hali ni ileile.

Mleta mada

Upepo mkubwa unazidisha tatizo, shekhe. Hewa ikipita kwa kasi kwenye ncha inaikausha rangi palepale. Shusha hadi 15, ongeza tina ya Vallejo na matone machache ya dawa yao ya kuboresha mtiririko, na usogeze eabrashi karibu na modeli. Weka brashi ndogo yenye unyevu pembeni na uifute ncha mara kwa mara bila kusubiri ikatike. Sindano ya milimita 0.2 kwa rangi za maji ni kujitesa, 0.3 au 0.4 inapumua. Na kila ukibadilisha rangi, pitisha maji kwanza, kisha kisafishio. Enameli ilikuwa inakuvumilia ukimaliza kazi ndipo usafishe. Akriliki iliyokauka ndani ya pua ya eabrashi inatoka kwa kuloweka na kuchokonoa tu.

---

Mchangiaji, Arusha

Kaka mimi nina modeli ya zamani ya marehemu baba, ndege ya Dakota, imepakwa enameli yote. Nataka kuifufua kwa akriliki. Nipige praima ya leka juu yake nianze upya?

Mleta mada

Dada, pole kwa mzee, na asante kwa kuuliza kabla. Praima ya leka usiipige kabisa juu ya enameli. Kiyeyusho chake ni kikali, kinapenya enameli, kinaivimbisha, na uso wote unakunjamana. Hata enameli ya miaka mingi haina dhamana.

Fanya hivi: ioshe taratibu kwa maji na sabuni, ondoa vumbi kwenye mistari kwa brashi laini, pitisha msasa wa 2000 ukiwa umelowa, kwa mkono mwepesi, kuondoa mng'ao tu. Kisha praima ya maji, ya akriliki. Ijaribu kwanza chini ya bawa, uiache usiku mmoja, uone kama inashika. Praima za maji za poliyurethani usizipige msasa, zinabanduka kama ngozi. Zipake nyembamba na uziache.

Kama dekali zake (alama za kubandika) bado nzima na kazi ya mzee inapendeza, mimi ningeisafisha tu na kuifunika kwa vanishi ya maji, niache mkono wake uonekane.

---

Mchangiaji, Nairobi

Na karatasi za maelekezo? Airfix wanakupa namba za Humbrol tu, 29, 30, 90. Kuna chati ya kubadilisha?

Mleta mada

Chati ni nyingi na hazikubaliani, kwa sababu kila moja inatafsiri rangi ya kampuni hii kwa rangi ya kampuni ile, na kosa linaongezeka kila hatua. Rudi kwenye jina la rangi halisi ya ndege. 29 ni Dark Earth, 30 ni Dark Green, 90 ni Sky, zote za jeshi la anga la Uingereza (RAF). Ukishajua jina, tafuta kopo lililoandikwa jina hilo. Tamiya XF-21 ni Sky, XF-81 ni Dark Green ya RAF. Kwa ndege na magari ya Marekani tafuta namba za FS 595, orodha rasmi ya rangi zao, kwa ya Wajerumani orodha ya RAL. Manjano ya vifaru vyao ni RAL 7028. Kampuni nyingi zinaandika namba hizo kwenye lebo.

Halafu paka kipande cha plastiki, kiache kikauke, ndipo ulinganishe. Akriliki nyingi hukolea zikikauka, na rangi iliyo mbichi inakudanganya.

---

Mchangiaji, Leicester, Uingereza

Sawa mkuu, umenishawishi nusu. Spitfire ijayo msingi wa akriliki, woshi ya enameli (ile iliyozimuliwa ya kupitisha kwenye mistari). Swali langu la mwisho: waiti spiriti ya kusafishia brashi mnaitupa wapi?

Mleta mada

Haitupwi. Iweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, siku chache pigmenti inatuama chini na juu inabaki safi. Imimine polepole kwenye chupa nyingine na uitumie tena kusafishia. Tope la chini lipeleke kwenye kituo cha taka hatarishi cha halmashauri yako, huko kwenu vipo. Kwetu ambako hakuna, liache likauke kabisa hewani, nje, mbali na moto na watoto, kisha lifunge kwenye taka ngumu. Kwenye sinki lisiingie hata kidogo, na vitambaa vilivyolowa msivirundike. Vitandazeni vikauke kwanza.